Bamba la Shaba la Ginette

Kwa miaka sita mume wangu Germain alikuwa na mwanamke mwingine, na mtaa wetu wote wa Shituru ulimjua kwa jina. Aliitwa Ginette. Urefu wake mita nne na nusu, mbao zake zina umri unaonizidi mimi, na jina lake lilikuwa limeandikwa ubavuni na Mbelgiji fulani aliyemwacha kwenye banda moja la ziwani karibu na Kapolowe, mlingoti umelazwa chini na matanga yamekunjwa. Germain alimkuta amejaa mavi ya popo. Mwezi uleule aliostaafu, badala ya kupumzika kama wastaafu wengine, alikwenda kumtoa.

Nilimchukia huyo Ginette, na sikuficha. Mtu amefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika jumba la elektrolisi, pale kiwandani ambako shaba inavutwa kutoka majini kwa umeme, amevuta mvuke wa asidi mpaka kikohozi kikawa kama saa ya kutuamsha. Na mimi miaka hiyo yote nafundisha darasa la tatu, nangoja. Tulikuwa tumeahidiana kwamba uzeeni tutakaa pamoja. Uzee ukaja, naye kila Jumamosi anapanda taksi kwenda ziwani kumpaka mwenzangu rangi.

Sasa, kwetu Likasi zawadi ya heshima ni shaba. Askofu akitembelea parokia anapewa bamba la shaba lililofuliwa kwa nyundo. Mwalimu akistaafu, bamba. Maharusi, bamba lenye picha ya mwanamke anayetwanga. Hakuna sebule ya watu wanaojiheshimu isiyo nalo moja ukutani. Kwa hiyo ndoa yetu ya kanisani ilipotimiza miaka thelathini na mitano, nilikwenda kwa fundi wa kufua shaba nikamwagiza bamba la upana wa viganja viwili, lenye samaki wawili, tarehe ya ndoa, na maneno: Colette na Germain.

Alipofungua gazeti nililolifungia, Germain alilia. Akachukua nyundo na msumari, akaanza kutafuta nafasi ukutani.

"Apana," nikamwambia. "Uitie kwa Ginette. Kule nyuma, ku gouvernail. Ajue mwenye bwana ni nani."

Gouvernail ni usukani wa mashua. Ni ubao uliosimama nyuma, nusu yake ndani ya maji, unaoshikwa na bawaba mbili za chuma. Ukiusukuma kwa mkono wake, mashua inageuka.

"Kule itakuwa mu mayi, Mama Stéphanie," akasema. Stéphanie ni binti yetu wa kwanza, yuko Kolwezi. "Mu mayi nani ataisoma?"

"Ginette ataisoma."

Akalitazama bamba, akanitazama mimi. Nilikuwa natabasamu, nakumbuka, nimependezwa mwenyewe na maneno yangu. "Bon," akasema. "Itaenda kwa Ginette." Jumamosi iliyofuata akalikaza kwenye usukani kwa boluti zilezile zilizoshika bawaba.

Baada ya hapo akapatwa na ugonjwa wa boluti. Kila mwezi anarudi kutoka duka la vifaa na boluti mpya za chuma mfukoni. Zinatoboa mifuko ya suruali, nazishona mimi. Nikamuuliza kama Ginette anazila. "Anakula kidogo," akasema huku anacheka, akaziweka juu ya kabati nisizione. Kwaresima ya mwaka huu ilipoanza nikasema basi. Wengine wanajinyima nyama, wengine bia. Yeye atajinyima boluti. Hata moja isiingie nyumbani kwangu wala kwa Ginette mpaka Pasaka.

"Ni siku arobaini, Mama Stéphanie."

"Najua kuhesabu. Nilikuwaka mwalimu."

Alisimama mlangoni kwa muda, kofia mkononi. Nilidhani atabisha, na nilikuwa nimejiandaa. Akasema sawa.

Na alitii. Wiki zikapita, mfuko wake hauna kitu. Kwa hiyo Jumatano ya Juma Takatifu, aliponiomba kwa mara ya mia moja nipande Ginette tuvuke kununua samaki wa Ijumaa Kuu kwenye kambi ya wavuvi, nilikubali. Nilikwenda kumtuza, kama unavyompa mtoto pipi kwa kukaa kimya kanisani. Nilivaa blauzi na vitenge viwili vya sherehe ile ya ndoa, kimoja cha kujifunga na kimoja cha juu, kwa sababu mwanamke wa kwetu hatoki na kitenge kimoja. Tulikuwa na jaketi moja tu la kuelea. Akanivalisha mimi, akanifunga kamba zake kifuani moja moja, kwa makini ya fundi.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Nakiri. Nilifurahi, nikageuza uso asione. Tulinunua beseni zima la tilapia, wengine bado wanarusha mkia, tukaanza kurudi saa saba.

Katikati ya ziwa upepo ukageuka. Ukatoka kusini, wa mvua, na maji yakawa na meno. Ginette akainama ubavu mmoja, tanga kubwa likanguruma, na Germain akashika mkono wa usukani kwa mikono miwili. Nilitaka kumwambia neno. Ndipo nikasikia "tak". Mlio mdogo sana.

Mkono wa usukani ukawa mwepesi mikononi mwake. Akageuka. Usukani ulikuwa unaning'inia kwa bawaba moja, kisha nayo ikaachia, na ule ubao ukaanza kwenda zake juu ya maji. Niliona bamba langu liking'aa, samaki wawili na majina yetu, linazidi kuwa mbali.

Germain akajitupa nyuma kuudaka. Kwa kuwa hapakuwa na kitu tena cha kuishika mashua, Ginette akazunguka ghafla, upepo ukalishika tanga kwa upande wa pili, na ule mti mrefu unaolishikilia tanga kwa chini ukapita kwa nguvu zake zote. Ulimpiga nyuma ya sikio. Alianguka juu ya beseni la samaki.

"Papa Stéphanie," nikaita. "Papa Stéphanie."

Damu ilikuwa inachanganyika na maji ya samaki. Nilitambaa mpaka kwake nikamweka kichwa kwenye mapaja yangu. Nilijua amekufa. Nilianza hata kufikiri ni nani nitampigia simu kwanza, halafu nikakumbuka kwamba simu imo kwenye mkoba, na mkoba umelala chini, ndani ya maji yale mekundu. Niliijaribu. Ilikuwa imezimika.

Akafungua jicho moja. "Shusha tanga," akasema. "Kamba nyekundu. Fungula."

Nilifungua kamba nyekundu, tanga kubwa likatuangukia wote wawili, na mashua ikatulia kidogo. Nilidhani tumepona. Ndipo niliposikia sauti nyingine, ya chini, isiyokatika, kama lori lililosimama na injini inawaka. Ilitoka mbele yetu.

Kaskazini mwa ziwa hili, upande wa Mwadingusha, kuna ukuta wa bwawa la umeme. Mvua zilikuwa zimenyesha sana na ziwa lilikuwa limejaa. Maji yalikuwa yanapita na kuanguka upande wa pili, kwenye mawe. Upepo ulikuwa unatusukuma huko. Maji yenyewe yalikuwa yanakwenda huko. Mkono wetu wa kushoto, mbali, kulikuwa na matete, na nyuma ya matete moshi wa kambi nyingine ya wavuvi. Ilibidi twende kushoto, na hatukuwa na kitu cha kutupeleka kushoto.

Kulikuwa na kasia moja fupi. Nikalishika. Sijawahi kupiga kasia maishani mwangu, lakini nimetwanga, nimefua, nimechota maji, nikajiambia ni kazi kama hizo. Nilipiga upande wa kulia, Ginette akazunguka. Nikahamia kushoto, akazunguka tena. Nililia kwa hasira. Nilimtukana kwa matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua, yeye na Mbelgiji wake na popo wake. Nilipoinua macho, ule moshi ulikuwa umehamia nyuma yetu kidogo, na juu ya maji mbele niliona mstari wa kijivu, umenyooka. Ule ndio ukuta.

"Utachoka bure," Germain akasema. Ulimi wake ulikuwa mzito. "Pandisha tanga ndogo. Ya mbele."

"Itatupeleka ku barrage mbio, ku ule ukuta."

"Sikiya minye. Tia kitu nyuma. Upande ya kushoto. Kitu ya kuvuta mayi." Akapumzika. "Bwato itageukia kule kitu inavuta. Tanga inapeleka, kitu inageuza. Unasikiya?"

Nilisikia. Nilitazama ndani ya mashua. Kitu gani? Beseni. Nikawamwaga samaki wote ziwani, samaki niliowachagua mmoja mmoja, nikafunga kamba kwenye sikio la beseni nikalitupa nyuma. Likaruka juu ya maji kama kifuniko, halishiki chochote. Nikalivuta tena. Fundo lilikuwa limelowa na kukaza, sikuweza kulifungua.

Nikavua kitenge cha juu. Nikaliweka beseni katikati yake, nikakusanya ncha nne, nikazifunga kwa fundo lile nililowafungia watoto wanne mgongoni, fundo ambalo hata mama yangu hakunifundisha, mikono inalijua yenyewe. Nikafunga kamba juu yake. Nikatupa. Kitenge kikatanuka ndani ya maji, beseni likakizuia kisifunge mdomo, kikajaa. Kamba ikakaza ghafla, karibu initoe mashuani.

Na pua ya Ginette ikageuka kushoto. Polepole, kama mzee anayegeuza shingo. Lakini iligeuka.

Nilipandisha tanga dogo, jinsi alivyonielekeza, kamba ya bluu. Nikakaa nyuma upande wa kushoto, miguu nimekaza, kamba ya kitenge mikononi. Haikuwezekana kuifunga mahali nikaiacha. Nikivuta sana, mashua inasimama. Nikilegeza, inarudia njia ya ukutani. Ilibidi niwe nashika na kuachia, nashika na kuachia, na kila ninapoachia kamba inapita na ngozi ya viganja vyangu. Baada ya muda sikusikia maumivu tena, niliona tu kamba imekuwa nyekundu kama ile ya tanga.

Germain akafumba macho.

"Usilale," nikamwambia. "Papa Stéphanie, usilale. Ukilala nitaacha hii kamba."

"Silale," akasema, bila kufungua macho.

Sikujua la kufanya ili abaki na mimi. Wimbo haukunijia, sala haikunijia. Nikafanya ninachokijua: nikamgombeza. "Miaka sita weye na Ginette yako. Mikono yote rangi, kila siku rangi. Nini ilivunjika kule nyuma?"

"Mbao."

"Mbao gani? Minye niliona chuma ikianguka."

"Mbao, Mama Stéphanie. Mbao ya zamani. Ilioza."

"Ni boluti?"

Hapo akafungua macho yote mawili. Lile la kulia lilikuwa limejaa damu. Alinyanyua mkono akashika pindo la kitenge nilichobaki nacho. "Aiko boluti," akasema. "Unanisikiya? Ni mbao. Sema."

"Niseme nini?"

"Sema ni mbao."

"Ni mbao," nikasema, ili anyamaze apumue. Nilifikiri ni kichwa kilichopigwa kinachozungumza. Akaliachia lile pindo.

Sijui tulikwenda kwa muda gani. Matete yalikuwa yanakaribia, na ukuta pia ulikuwa unakaribia. Niliweza kuona madoa ya maji juu ya saruji, na ndege weupe wamepanga mstari pale juu, wametulia, hawajali. Ule mngurumo ulikuwa sasa ndani ya kifua changu. Nilifanya hesabu kama ninavyowafundisha watoto: kwa kila hatua tatu za kwenda kushoto, tunasukumwa hatua mbili za kwenda ukutani. Hesabu haikunipendeza.

Kisha kamba ikalegea. Niliivuta, ikaja na kitenge kimechanika kutoka ncha moja hadi katikati, beseni halimo. Ginette, bila kupoteza muda, akageuza pua yake kuelekea ukutani.

Nilisimama, nikavua kitenge cha chini. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa akina mama wa parokia, nimebaki na blauzi, jaketi la kuelea na shumizi katikati ya ziwa. Ndani ya kitenge nikatia ndoo ya kuchotea maji ya mashuani, ya mwisho tuliyokuwa nayo. Nikafunga fundo mara mbili. Nilisema kwa sauti: nikipoteza na hii, nitamlalia Germain, tutaanguka pamoja. Nilimaanisha. Nilikuwa tayari nimeshamweka kichwani mwangu hapo nilipotaka awe, chini ya kidevu changu.

Nikatupa. Ikashika.

Hatua mia za mwisho sizikumbuki zote. Nakumbuka mkondo ukitushika kutoka chini, ninausikia kwenye mbao kwa nyayo zangu. Nakumbuka nikiachia kamba, nikichukua kasia, nikipiga huku napiga kelele. Nakumbuka tete la kwanza, nililishika kwa mkono uliokuwa hauna ngozi, likakatika, nikashika la pili, nikashika matano, nikayakumbatia. Ginette akaingia kwenye matete akasimama.

Nikapiga ndani ya mashua kwa kasia, kama ngoma, mpaka mvuvi mmoja akatokea na mtumbwi wake. Aliitwa Alexis. Aliniona nilivyo, akavua shati lake akanipa bila kunitazama. "Ba mama, bwana yako tuko naye," akasema, akaingia majini akatuvuta.

Pikipiki mpaka Kapolowe, Germain amefungwa katikati ya dereva na mimi. Kisha gari la mtu mpaka Likasi. Jioni ile walimpasua kichwa kutoa damu iliyokuwa imejaa ndani. Daktari aliniambia maneno ambayo madaktari husema wanapokuwa hawajui. Ijumaa Kuu ikapita, nikiwa nimekaa kwenye benchi ya hospitali na mikono imefungwa bandeji kama glavu za bondia. Pasaka ikapita. Germain hakufungua macho. Stéphanie alikuja kutoka Kolwezi, akanisihi nikale. Nilikuwa na kazi moja tu, kumchukia Ginette, na niliifanya usiku na mchana. Miaka sita niliogopa kwamba atanichukulia mume, nikajiambia, na kweli amemchukua.

Jumatatu ya Pasaka, mchana, Cédrick alikuja. Cédrick alifanya kazi chini ya Germain pale elektrolisi, Germain ndiye aliyempokea akiwa kijana. Alinikuta uani, ameshika gunia.

"Ba Alexis ametuma hii," akasema. "Iliokotwa mu matete. Juu ya majina yenu. Bavuvi balisoma Colette na Germain, bakajua mwenyewe."

Akatoa usukani. Bamba la shaba lilikuwa palepale, linang'aa, samaki wawili, tarehe, halina hata doa. Cédrick akalipangusa kwa mkono. Kisha akaugeuza ubao, akagusa kitu kwa kidole. Palipokuwa na bawaba na boluti nne, palikuwa na vijiti vya kutu, vyembamba kama njiti za kiberiti. Kimoja kikavunjika alipokigusa tu.

Mbao ilikuwa nzima kabisa.

"Nani alitia shaba na chuma pamoja mu mayi?" Cédrick akauliza. Hakuwa na ubaya. Alishangaa tu, kama fundi.

"Kwa nini?"

"Mama, iko kitu ya kwanza ba Germain alitufundishaka. Siku ya kwanza, mbele ya kutuonyesha hata vestiaire ya kuvalia nguo ya kazi. Alitia musumari na kipande ya shaba mu beseni moja, akasema mutazame. Shaba na chuma mu mayi moja, chuma njo inakufwa. Shaba aiguswe. Inakula chuma yote mpaka inaisha." Akatikisa kichwa. "Yeye hawezi kukosa kitu kama hii. Labda alikuwa anabadirisha boluti kila mwezi. Ukibadirisha kila mwezi, inaweza kukamata."

Nilikaa chini, pale pale uani, kwenye mchanga.

Alijua. Siku ile aliyosimama na nyundo sebuleni na kulitazama bamba na kunitazama mimi, alikuwa anajua. Badala ya kuniambia, alinunua boluti. Mwezi baada ya mwezi alikwenda pale chini ya mashua, kwenye tope, kikohozi kile, akatoa zilizoliwa akatia nyingine, ili jina langu libaki nyuma ya Ginette kama nilivyotaka. Na mimi nikamnyima boluti kwa siku arobaini. Aliposimama mlangoni na kofia mkononi, angeweza kusema sentensi moja. Nilimjua vizuri nikaelewa kwa nini hakuisema. Ingekuwa ni kuniambia kwamba zawadi yangu inaua mashua.

Na damu ikimtoka sikioni, alitumia nguvu aliyobaki nayo kunilazimisha niseme mbao.

Cédrick aliniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia hapana. Nilimwambia anifungulie bamba, na ubao aupeleke anakotaka, lakini asimwambie mtu yeyote alichokiona. Alinitazama, akaelewa nusu, akaanza kufungua.

Jumatano Germain alifungua macho. Mkono wake wa kushoto haukusikia, na maneno yalikuwa yanatoka moja moja, lakini yalitoka. Aliuliza kama mvua imenyesha. Aliuliza kama Stéphanie amekula. Kisha akatazama dari, nikajua anakoelekea.

"Gouvernail," akasema. "Balipata?"

Bamba lilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya kiti, limefungwa kwenye gazeti kama siku ya kwanza. "Ilionekana mu matete," nikasema. "Ulisema kweli. Mbao ilioza. Ilivunjika mu mukono ya Cédrick."

"Mbao," akasema. Kifua chake kikashuka. Uso mzima ukalegea, kama mtu aliyetua mzigo. "Mbao ya zamani. Nilikuambia." Akafumba macho akapumzika, kisha akayafungua tena. "Nikipona nitachonga ingine. Bamba yako itarudia pale pale. Usikuwe na wasiwasi."

Hapo moyo uliniuma kuliko kule ziwani. Kwa sababu angefanya. Kwa mkono mmoja, angetia bamba langu majini, na kila mwezi angekwenda kununua boluti mpaka siku ya kufa kwake, na asingesema neno.

"Apana," nikamwambia. "Bamba naitaka ku nyumba, mu salon, juu ya redio. Mu mayi nani ataisoma?"

Aligeuza kichwa chake chenye bandeji, polepole, mpaka akaniona uso wote. Alinitazama jinsi alivyonitazama siku ile ya nyundo na msumari. Nilijitahidi kutabasamu vilevile nilivyotabasamu wakati ule. Midomo ilikataa.

"Ginette," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Ginette alikuwaka anaisoma."

"Ginette alishaielewa," nikasema. "Inatosha."

Macho yake yakajaa maji, yakamwagika kuelekea masikioni, na hakuweza kuyafuta: mkono mmoja hausikii, wa pili umefungwa dripu. Mimi nami sikuweza kuyafuta kwa mikono yangu iliyofungwa. Nikainama nikayafuta kwa shavu langu.